Ukurasa uliozungushiwa wino mweusi

Jioni ya tarehe 16 Januari 1837, karani wa Seneti ya Marekani alileta mezani kitabu cha kumbukumbu za vikao vya mwaka 1834. Akakifungua penye tarehe 28 Machi, akapiga mistari mizito ya wino mweusi kuzunguka azimio moja, kisha akaandika juu yake kwamba limefutwa kwa amri ya Seneti. Maseneta wengi wa upinzani walikuwa wameshatoka ukumbini. Hawakutaka macho yao yashuhudie. Kura ya kufuta ilikuwa 24 kwa 19. Aliyeisimamia kazi hiyo, Seneta Thomas Hart Benton wa Missouri, alijua kikao kingekwenda hadi usiku, kwa hiyo alikuwa ameandaa nyama, mvinyo na kahawa katika chumba cha jirani ili mwenzake yeyote asiwe na kisingizio cha kwenda nyumbani kula.

Azimio lililofutwa lilisema kwamba Rais Andrew Jackson alikuwa amejitwalia madaraka ambayo katiba na sheria hazikumpa. Mwaka 1834 lilipita kwa kura 26 kwa 20, na hakuna rais kabla yake aliyekuwa amekaripiwa hivyo na Seneti. Miaka mitatu baadaye katiba ilikuwa ileile, na kitendo kilichokaripiwa kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni hesabu ya viti.

(Benton huyu, kwa wapenda mikasa, alikuwa amepambana na Jackson kwa bastola na visu katika hoteli moja ya Nashville mwaka 1813, na risasi aliyopigwa Jackson siku ile ilikaa mwilini mwake hadi 1832. Chama kinaweza kupatanisha watu ambao hata kanisa lingeshindwa.)

Madaraka ya rais wa Marekani hufundishwa mara nyingi kama ubishi wa wanasheria: ibara ya pili inasema hivi, ibara ya kwanza inasema vile. Ubishi huo ulikuwepo kweli. Lakini ukifuatilia majina na kura kuanzia 1800 hadi 1841, utaona jambo la kuchekesha kidogo. Wale wale waliosema rais hana ruhusa, walisema ana ruhusa mara mtu wao alipokalia kiti. Mkuki kwa nguruwe. Na katikati ya unafiki huo, bila mtu mmoja kuupanga, urais wenyewe ukawa unakua.

Katiba isiyo na neno "chama"

Waliotunga katiba kule Philadelphia mwaka 1787 hawakuandika chochote kuhusu vyama, kwa sababu waliviona kama ugonjwa. Walipofikiria rais, walimfikiria George Washington, mtu ambaye kila jimbo lilimkubali. Ndiyo maana utaratibu wao wa uchaguzi ulikuwa hivi: kila jimbo linatoa wajumbe wa uchaguzi, kila mjumbe anapigia kura watu wawili, anayeongoza anakuwa rais na anayemfuatia anakuwa makamu. Utaratibu huo unafanya kazi vizuri kabisa iwapo wajumbe ni waungwana wanaotafuta mtu bora. Ukiingiza vyama, unavunjika.

Ulivunjika mara mbili mfululizo, tena kwa namna mbili tofauti. Mwaka 1796 John Adams wa Wafederali alipata kura 71, na Thomas Jefferson, kiongozi wa wapinzani wake, akapata 68. Basi wakawa rais na makamu wake, fahali wawili katika zizi moja. Mwaka 1798 Wafederali walipitisha sheria ya uchochezi iliyofanya kuwa kosa kuandika maneno ya uongo na ya kashfa dhidi ya serikali, Bunge au rais. Makamu wa rais hakuwemo kwenye orodha hiyo. Jefferson angeweza kutukanwa bure. Sheria ilipangiwa kufa tarehe 3 Machi 1801, siku moja kabla rais anayefuata hajaapishwa, ili wapinzani wasije wakairithi na kuitumia. Mbunge mmoja wa Vermont, Matthew Lyon, alifungwa miezi minne kwa sheria hiyo, na wapiga kura wake wakamchagua tena akiwa gerezani.

Mara ya pili, mwaka 1800, kosa lilikuwa nidhamu kupita kiasi. Chama cha Jefferson, kilichojiita Warepublikan (si hawa wa leo), kilitaka Jefferson awe rais na Aaron Burr awe makamu. Wajumbe wake wote wakatii, kila mmoja akawapigia wote wawili, na matokeo yakawa 73 kwa 73. Kwa mujibu wa katiba, sare inaamuliwa na Baraza la Wawakilishi, kila jimbo likiwa na kura moja. Majimbo yalikuwa 16, mshindi alihitaji 9. Jefferson alikuwa na 8, Burr 6, na mawili yaligawanyika katikati. Na Wafederali, walioshindwa uchaguzi, ndio walioshika ufunguo. Kuanzia tarehe 11 hadi 17 Februari 1801 walipiga kura mara 36 hadi baadhi ya Wafederali walipolegea na Jefferson akapita. Mwaka 1804 katiba ikarekebishwa ili kura ya rais na ya makamu zitenganishwe. Marekebisho hayo hayataji vyama hata kwa neno moja, ila bila vyama hayana maana yoyote.

Jefferson aliingia Ikulu akiwa amehubiri kwa miaka kumi kwamba serikali kuu ifanye yale tu yaliyoandikwa. Mwaka 1803 Napoleon akatangaza kuwa anauza Louisiana nzima, ardhi ambayo ingekaribia kuongeza nchi mara mbili, kwa dola milioni 15. Hakuna kifungu kilichosema rais anaweza kununua nchi. Jefferson aliliona hilo. Aliandika hata rasimu ya marekebisho ya katiba, kisha akaiweka pembeni asije Napoleon akabadili mawazo. Wafederali nao, ambao kwa muda wote huo walitetea serikali kuu yenye mikono mirefu, ghafla wakaanza kuisoma katiba neno kwa neno na kuuliza idhini iko wapi. Kila upande ulikuwa umevaa kanzu ya mwenzake.

Rais wa mkutano wa chumbani

Wafederali walijimaliza. Wakati wa vita na Uingereza, wajumbe wa majimbo ya New England walikutana Hartford, kuanzia Desemba 1814 hadi Januari 1815, kulalamikia vita. Malalamiko yao yakafika mjini Washington pamoja na habari kwamba Jackson amewapiga Waingereza New Orleans. Chama hakikusimama tena. Mwaka 1820 James Monroe nusura apite bila kupingwa, kwani mjumbe mmoja tu wa uchaguzi alimpigia mtu mwingine.

Ungetegemea kwamba rais asiye na wapinzani angekuwa na nguvu kuliko wote. Ilikuwa kinyume. Mgombea wa chama tawala aliteuliwa na wabunge wa chama hicho waliokutana faragha, mkutano ambao wapinzani wake waliubandika jina la Mfalme, na mtu aliyepewa kiti na wabunge hana ubavu wa kuwagombeza wabunge. Zaidi ya hapo, mwaka 1800 wajumbe wa uchaguzi katika majimbo 11 kati ya 16 waliteuliwa na mabunge ya majimbo. Mwananchi wa kawaida hakuwa na namna ya kumgusa rais, wala rais hakuwa na namna ya kumgusa mwananchi.

Mwaka 1824 mpango huo ulivunjika. Mkutano wa wabunge ulimteua William Crawford, lakini wengi hawakuhudhuria na wagombea wengine watatu wakajitokeza, wote wakijiita watu wa chama kilekile. Jackson alipata kura 99 za wajumbe, John Quincy Adams 84, Crawford 41, Henry Clay 37. Hakuna aliyefikisha nusu, kwa hiyo uamuzi ukarudi tena Baraza la Wawakilishi, na watatu wa juu tu ndio waliostahili kushindanishwa. Clay, aliyekuwa Spika wa Baraza hilo na sasa ametolewa, akamuunga mkono Adams. Adams akashinda kwa majimbo 13 kati ya 24. Siku chache baadaye akamteua Clay kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, nafasi ambayo Jefferson, Madison, Monroe na Adams mwenyewe waliwahi kuishika kabla ya kuwa marais.

Kwamba waliahidiana au hawakuahidiana, hilo halina tena umuhimu. Watu wa Jackson walipata kauli ya kampeni ya miaka minne bila kulipia hata senti: kiti kimeuzwa.

Aliyeigeuza hasira hiyo kuwa mtambo ni Martin Van Buren, seneta wa New York, mtoto wa mwenye kilabu cha pombe, mtu mfupi, mpole, anayejua jina la kila mtu. Kwa waasisi, chama kilikuwa aibu. Kwa Van Buren kilikuwa kazi ya heshima, na chenye nidhamu kingeweza kufanya jambo jingine zito zaidi. Katika barua ya Januari 1827 kwa mhariri Thomas Ritchie wa Virginia, alieleza kwamba muungano wa wenye mashamba wa Kusini na Warepublikan wa kawaida wa Kaskazini ungezuia ugomvi wa kimajimbo juu ya utumwa usije ukaigawa nchi. Chama kilichozaliwa humo, ambacho baadaye kiliitwa cha Demokrasia, kilikuwa tangu mwanzo mfuniko wa chungu kinachochemka. Wanaosimulia kuzaliwa kwa chama hiki kama ushindi wa wanyonge huruka hapo.

Hesabu za kura zinaonyesha mtambo ulivyofanya kazi. Mwaka 1824 walipiga kura takriban watu 360,000. Mwaka 1828 walikuwa zaidi ya milioni 1.1. Kufikia 1832 kila jimbo isipokuwa South Carolina lilikuwa linawachagua wajumbe wa uchaguzi kwa kura za wananchi. Jackson aliingia Ikulu mwaka 1829 akiwa na kitu ambacho hakuna mtangulizi wake aliyekuwa nacho kwa kiasi hicho: chama cha nchi nzima, chenye magazeti yake, kinachomdai yeye nafasi za kazi na kinachowadai wabunge utii. Nafasi zenyewe, kuanzia za posta hadi za forodha, ziligawiwa wafuasi. Seneta William Marcy wa New York alitetea jambo hilo waziwazi mwaka 1832, akisema nyara ni za mshindi. Kwetu neno lake ni ulaji.

Benki

Sasa tufike penye kiini, maana hapa ndipo rais na Bunge walipokabiliana uso kwa uso.

Benki ya Pili ya Marekani ilipewa hati yake mwaka 1816, ya miaka 20, ikiwa na makao makuu Philadelphia. Mtaji wake ulikuwa dola milioni 35, na serikali ilimiliki sehemu moja kwa tano. Ilitunza fedha za serikali, ilitoa noti zilizoaminika, na ilizibana benki ndogo za majimbo zisichapishe noti kupita uwezo wao. Mkuu wake, Nicholas Biddle, alikuwa fundi wa kazi hiyo, na pia alikuwa mtu asiyechaguliwa na yeyote mwenye uwezo wa kupanua au kukaza mikopo ya nchi nzima. Ukisema benki ilikuwa ya manufaa, umesema kweli. Ukisema ilikuwa hatari, umesema kweli pia.

Hati ingekwisha 1836. Clay, aliyetaka kumng'oa Jackson katika uchaguzi wa 1832, alimshawishi Biddle aombe hati mpya mapema, miaka minne kabla ya wakati. Mtego ulionekana safi: Jackson akiutia saini mswada, anawaudhi wafuasi wake; akiukataa, anawaudhi wapiga kura wa Pennsylvania, jimbo lenye makao makuu ya benki. Seneti ikaupitisha, Baraza likaupitisha kwa kura 107 kwa 85. Jackson, akiwa mgonjwa kitandani, alimwambia Van Buren kwamba benki inajaribu kumuua, lakini yeye ndiye atakayeiua.

Tarehe 10 Julai 1832 akaurudisha mswada kwa veto, yaani kura ya turufu ya rais, ambayo Bunge linaweza kuipindua tu likipata theluthi mbili katika kila baraza. Marais sita waliomtangulia walikuwa wameitumia mara 10 kwa pamoja, zaidi kwa hoja kwamba mswada fulani unakiuka katiba. Jackson peke yake aliitumia mara 12. Na ujumbe wake wa Julai ulikuwa na mambo mawili mapya.

La kwanza, Mahakama ya Juu ilikuwa imeshaamua mwaka 1819 kwamba benki hiyo ni halali kikatiba. Jackson alijibu kwamba kila kiongozi aliyeapa kuilinda katiba ameapa kuilinda kama anavyoielewa yeye, si kama anavyoielewa mwingine. La pili, hakuishia kwenye sheria. Aliandika kwamba matajiri na wenye nguvu mara nyingi huzipinda sheria za serikali kwa faida yao, na kwamba rais ana haki ya kuukataa mswada kwa sababu ni mbaya kwa wakulima, mafundi na vibarua. Ujumbe uliandikwa usomwe magazetini. Clay na Biddle walifurahi walipouona. Biddle alidhani ni upuuzi utakaomwangusha mwandishi wake, akasaidia kuusambaza. Jackson akashinda uchaguzi kwa kura 219 za wajumbe dhidi ya 49 za Clay.

Hapo mzee akaamua kutosubiri 1836. Alitaka fedha za serikali ziondolewe benki mara moja na kupelekwa benki za majimbo. Kikwazo kilikuwa kifungu kidogo. Sheria ya 1816 ilimpa uamuzi huo Waziri wa Fedha, ambaye alipaswa kulieleza Bunge sababu zake. Waziri wa Fedha ni mtu wa nani basi? Anateuliwa na rais, anathibitishwa na Seneti, na wizara yake ilianzishwa na sheria iliyomtaka atoe taarifa kwa Bunge. Waziri mmoja aliyesita alihamishiwa wizara nyingine. Aliyemfuata, William Duane, alikataa katakata, tena akakataa kujiuzulu. Septemba 1833 Jackson akamfukuza, akamweka Roger Taney, na fedha zikaanza kuhama.

Kwa maoni yangu, kumfukuza Duane ni jambo kubwa kuliko veto yenyewe. Veto imeandikwa katika katiba. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba rais anaweza kumwondoa waziri kwa sababu tu waziri amelitumia vibaya, machoni pa rais, jukumu ambalo sheria ilimpa waziri huyo. Baada ya Duane, baraza la mawaziri likajua ni la nani.

Hicho ndicho Seneti ilichokikaripia Machi 1834. Jackson akajibu kwa barua ndefu ya kulalamika, na humo akaandika kwamba rais ndiye mwakilishi wa moja kwa moja wa watu wa Marekani. Leo sentensi hiyo inasikika ya kawaida. Wakati ule Seneta Daniel Webster, mpinzani wake, aliiita dhana ya hatari tupu, maana katiba haijui mwakilishi wa namna hiyo. Wawakilishi wako bungeni, na rais anachaguliwa na wajumbe. Kwa herufi Webster alikuwa sahihi. Ila tusimvike Webster kilemba cha ukoka: Desemba 1833, wakati mjadala wa benki ukiendelea, alikuwa amemwandikia Biddle kumkumbusha kwamba posho yake ya uwakili wa benki haijahuishwa kama kawaida. Jackson aliposema pesa inapinda siasa, hakuwa akiota ndoto.

Mfalme Andrew

Wapinzani wa Jackson hawakuwa na mengi ya kuwaunganisha. Walikuwemo wafuasi wa benki, wenye viwanda wa Kaskazini waliotaka ushuru mkubwa, na watu wa Kusini walioapa kupinga ushuru huohuo. Walichokubaliana wote ni kwamba rais amejifanya mfalme. Mchoro mmoja maarufu wa wakati ule ulimwonyesha amevaa taji na joho, veto mkononi, akikanyaga katiba iliyochanika. Mwaka 1834 wakachukua jina la Wawigi, lisilohusiana kabisa na wigi za kichwani. Lilikuwa jina la Waingereza waliompinga mfalme wao, na lilikuwa limewahi kutumiwa na wazalendo wa Marekani wa 1776.

Kupigania Bunge dhidi ya rais kulikuwa msimamo wa kweli kwa baadhi yao. Kwa wengine ulikuwa msimamo wa mtu aliyeshindwa uchaguzi. Wademokrati nao wakarudi kwenye karipio la 1834 kwa subira ya mchwa. Maseneta wakati huo hawakuchaguliwa na wananchi. Walichaguliwa na mabunge ya majimbo, na baadhi ya mabunge yalidai haki ya kuwaagiza jinsi ya kupiga kura. Chama kikashinda jimbo baada ya jimbo, mabunge yakatoa maagizo, na maseneta ambao hawakuweza kuyameza wakaondoka. Bunge la Virginia lilimwagiza seneta wake apige kura ya kulifuta karipio ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipigia kura ya ndiyo. Februari 1836 akajiuzulu kuliko kutii. Jina lake John Tyler. Tutakutana naye tena. Hivyo ndivyo 26 kwa 20 ilivyogeuka 24 kwa 19, na karani akachovya kalamu.

Hao "watu" ambao rais alisema anawawakilisha walikuwa nani? Wanaume weupe. Haki ya kupiga kura ilipopanuliwa kwao, mara nyingi ilibanwa kwa wengine kwa mkono uleule: mwaka 1821 New York iliondoa masharti ya mali kwa karibu wanaume wote weupe na kuwabakishia weusi sharti la mali ya dola 250, na mwaka 1838 Pennsylvania iliwanyima kura kabisa. Jackson mwenyewe alimiliki watumwa kwa makumi katika shamba lake la Tennessee. Mwaka 1830 chama chake kilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili ng'ambo ya Mississippi, na katika Baraza ilipita kwa kura 102 kwa 97 tu. Kura tatu zingegeuka, sheria ingekwama. Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 1832 kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee, rais hakunyoosha mkono kuutekeleza uamuzi huo. Mwaka 1838 hadi 1839, chini ya Van Buren aliyemrithi, Wacherokee wapatao 16,000 waliondolewa kwa nguvu na takriban 4,000 kati yao walikufa. Kwao, rais mwenye chama imara nyuma yake hakuwa mada ya mdahalo.

Farasi wa Seyyid Said

Kuna kipande cha kisa hiki kinachopita Unguja, na wengi hawakijui. Mwaka 1832 Jackson alimtuma mfanyabiashara Edmund Roberts wa New Hampshire, aliyekuwa amewahi kufika Unguja na kuongea na Seyyid Said, kwenda kufanya mikataba katika nchi za Bahari ya Hindi. Alimtuma kama wakala wa rais, bila Seneti kumthibitisha kama balozi, na ndani ya manowari Peacock alisafiri kwa cheo cha karani wa nahodha ili asijulikane. Mkataba na Seyyid Said ulitiwa saini Muscat Septemba 1833, mwezi uleule Jackson alipomfukuza Duane, na ukaweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za Marekani. Marikani tunayoijua, kitambaa kile kigumu cha pamba, kilikuja kwa wingi kupitia biashara hiyo ya Unguja na Salem, mji wa bandari wa Massachusetts. Seneti iliuridhia mkataba wenyewe mwaka 1834, lakini wakala aliyetumwa kimyakimya alikuwa wa rais peke yake.

Miaka michache baadaye jahazi kubwa la Seyyid Said, Sultana, likiongozwa na Ahmad bin Na'aman, liliingia bandari ya New York tarehe 30 Aprili 1840. Lilileta pembe, karafuu na tende za kuuza, pamoja na zawadi kwa rais: farasi wawili wa Kiarabu, lulu na vitu vingine vya thamani. Wakati ulikuwa mbaya kuliko wakati wowote. Wiki mbili tu nyuma yake, mbunge wa Wawigi Charles Ogle alikuwa amesimama bungeni, akatumia siku tatu kueleza jinsi Rais Van Buren anavyoishi kama mfalme katika kasri, akila kwa vijiko vya dhahabu, na yote hayo kuhusu maombi ya dola elfu chache za kukarabati Ikulu. Sasa huyo huyo Van Buren analetewa farasi na sultani! Katiba inamkataza kiongozi kupokea zawadi ya mfalme bila ruhusa ya Bunge, kwa hiyo akaeleza kwa adabu kwamba hawezi kuzichukua, akalipelekea Bunge suala hilo. Bunge likaruhusu zipokewe kwa niaba ya serikali, na farasi wakauzwa kwa mnada.

Haikumsaidia. Uchumi ulikuwa umeanguka tangu 1837, na Wawigi walikuwa wamejifunza. Walimsimamisha Jenerali William Henry Harrison. Gazeti moja la Wademokrati lilipomkejeli kwamba ukimpa pipa la sida, yaani pombe ya matofaa, atatulia kwenye kibanda chake cha magogo, Wawigi wakafanya kibanda na pipa kuwa nembo yao, wakaviburuta mitaani kwa nyimbo. Harrison alizaliwa katika familia ya wenye mashamba wa Virginia na aliishi katika nyumba nzuri. Walijitokeza wapiga kura milioni 2.4, karibu asilimia 80 ya waliostahili. Chama kilichozaliwa kumpinga rais wa umati kilimwingiza rais wake kwa umati mkubwa kuliko wowote.

Katika hotuba ya kuapishwa tarehe 4 Machi 1841, iliyochukua karibu saa mbili, Harrison aliahidi kutawala muhula mmoja tu na kuitumia veto kwa uangalifu. Clay aliona saa yake imefika. Bunge litatunga, rais atatia saini, na benki itarudi. Tarehe 4 Aprili Harrison akafariki.

Makamu wake alikuwa John Tyler, yule aliyejiuzulu Seneti kuliko kulifuta karipio la Jackson. Wawigi walikuwa wamemweka kwenye tiketi kwa ajili ya kura za Kusini, bila kumuuliza sana anaamini nini. Aliamini, miongoni mwa mengine, kwamba benki ya taifa inavunja katiba. Agosti akapiga veto mswada wa benki. Usiku huo umati ulikusanyika nje ya Ikulu, ukachoma sanamu yake. Septemba akapiga veto mswada wa pili. Mawaziri wote wakajiuzulu isipokuwa Webster, chama kikamfukuza uanachama akiwa rais madarakani, na Clay akapendekeza katiba irekebishwe ili veto ipinduliwe kwa wingi wa kawaida. Pendekezo hilo halikufika popote.

Walijaribu pia kumpunguza kwa jina. Katiba haikuwa wazi kama rais akifa makamu anakuwa rais kamili au anashikilia tu kiti, na wakosoaji walimwita Mheshimiwa Ajali. Barua zilikuja Ikulu zikiwa zimeandikwa "Kaimu Rais" kwenye bahasha. Tyler, mtetezi wa zamani wa Bunge, alizirudisha bila kuzifungua.